Askofu Aliyeshika Jembe Nyabihanga

Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara, nchini Tanzania, lilianza mwaka 1951 chini ya Laurean Rugambwa, likawa Jimbo la Rutabo mwaka 1953, likaitwa Rulenge mwaka 1960 na kupata jina lake la sasa mwaka 2008.

Mwaka 1969 jimbo lilimpata Askofu Christopher Mwoleka. Miaka miwili kabla, Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa, na vijiji vya ujamaa vilikuwa vikianzishwa nchini kote. Wengi walihubiri ujamaa, Mwoleka aliuishi. Alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akakaa na wanakijiji na kulima pamoja nao. Kwake, Utatu Mtakatifu ulikuwa kielelezo cha maisha ya kushirikiana, wala si fumbo la kukariri tu.

Watawa wa Ulaya ya zama za kati, waliofuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto, nao waligawa siku yao kati ya sala na kazi, na hakuna aliyemiliki kitu peke yake. Ila wao walitengwa na kuta za monasteri. Nyabihanga ilikuwa ya watu wenye wake, waume na watoto, jambo gumu zaidi.

Mwoleka aliliongoza jimbo hadi 1996. Alifariki mwaka 2002.