Nani atanisemea? Historia ya mainjenieri wetu wa Lubumbashi



Tunapokea mara nyingi mtu mwenye kurudia Lubumbashi na diploma ya uinjenieri ndani ya bahasha, au bila diploma, sababu ilipotea njiani. Mara nyingi haombi feza kwanza. Anauliza: "Nani atanisemea?" Swali hilo ni la zamani katika mji huu, na majibu yake yamekwisha kujenga watu na kuumiza watu. Njo maana tunaeleza historia yake kidogo.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na fonderi ya Lubumbashi ikaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kwa miaka mingi mainjenieri wake walikuwa wazungu. Mkongomani aliweza kuijua mashine kwa mlio wake tu, lakini alibaki msaidizi. Chuo kikuu kilifunguliwa hapa mwaka 1956, miaka minne tu mbele ya uhuru. Serikali ilipochukua migodi mwaka 1967, na Gécamines ikazaliwa, vijana wenye kusoma walitafutwa. Walitoka Katanga, Kasai, Kivu na kwingineko. Kampuni iliwapa nyumba, lopitali, kalasi ya watoto. Wafanyakazi wa chini walipata na poso ya unga. Watu walisema: Gécamines njo baba, njo mama. Kijana injenieri hakuhitaji mtu mwingine wa kumsemea. Baba alisema, ikatosha.

Lakini kando ya kampuni kulikuwa wasemaji wengine: vyama vya watu wa kwao. Vilipokea mgeni, vilizika maiti, vilimtafutia kijana kazi. Hiyo ilikuwa kazi njema, na wengi wetu tulilelewa ndani yake. Ila vyama hivyo viliuliza kwanza: "Uko mutu ya wapi?" Kisha uchaguzi wa miji wa mwaka 1957, watu wenye kutoka Kasai walipata vyeo vikubwa vya komini za Elisabethville. Mwaka uliofuata CONAKAT ilizaliwa kutetea wenye kujiita wenyeji. Swali la kupokea mgeni likawa swali la kumfukuza.

Mwaka 1992 na 1993 tuliona mwisho wake. Katika Likasi, Kolwezi na miji mingine, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kazini na nyumbani kwao, mamia ya maelfu. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa hapa. Walilala kwenye stesheni na masufuria yao wakingoja treni, juu ya reli ile ile iliyowaleta baba zao kuchimba shaba. Ndani yao kulikuwa mainjenieri na mafundi ambao hakuna aliyewasemea, hata wenzao wa ofisi moja. Wengine wao ni wanamemba wetu leo.

Gécamines yenyewe ilikuwa inaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990. Vipuri vilikosekana, deni likapanda, viongozi walikula feza. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 2003 haikufikisha hata 20,000. Mwaka ule, kwa feza za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Hiari gani, kwa mtu mwenye kumaliza miezi mingi bila mshahara? Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU aliandika kitabu juu ya Bana Shaba walioachwa na baba yao. Njo ile.

Kisha kanuni mpya ya migodi ya mwaka 2002, kampuni za kigeni ziliingia. Zinauliza CV, Kiingereza, cheti cha usalama, na jina la mtu mwenye kukujua kazini. Hapa njo wanaingia wenye kujitolea: wazee waliostaafu na vijana wa politekiniki. Mmoja anasoma CV yako na kalamu nyekundu. Mwingine anakufundisha maneno ya Kiingereza ya pampu na umeme. Mwingine, akiisha kuona kazi yako, anatia jina lake chini ya lako.

Si jambo dogo. Mwaka 1818 kule London, vijana wachache mainjenieri walikutana katika nyumba ya kahawa ili kila mmoja amfundishe mwenzake anachokijua. Baada ya miaka miwili walimpata Thomas Telford kuwa mkubwa wao, mtoto wa mchungaji wa kondoo, aliyeanza kazi kama mwashi wa mawe. Chama chao kingali hai.

Lakini tuseme kweli. Mwanamemba wetu mmoja alipoenda kuomba kazi, aliulizwa kijiji cha babake mbele ya kuulizwa anajua mashine gani. Tulikasirika sana. Kisha, katika mkutano wetu wenyewe, mmoja alipendekeza tupange orodha ya mainjenieri kwa provensi, "ili kila mtu asaidie watu wake." Palabre ilidumu mpaka jioni. Hakuwa mtu mbaya; alitaka kazi iende mbio. Tulikataa, sababu tunajua orodha ya namna ile inafika wapi: inafika stesheni.

Basi orodha yetu inapangwa kwa kazi: mgodi, fonderi, umeme, maji, ujenzi. Hatumsemei mtu ambaye hakuna kati yetu aliyeona kazi yake, hata akiwa ndugu wa damu. Na tukiisha kuiona, tunamsemea, hata kama hatujui kwao ni wapi.

Wanamemba wenye uzoefu, mutupe saa mbili kwa mwezi. Marafiki wa mbali, mutusaidie kulipa mitihani ya vyeti. Na wewe mwenye kurudia, ukipita kwetu, tutakuuliza swali moja kwanza: unajua kazi gani?