Kivumbasi na Mbu: Habari za Jani Lililodharauliwa

Hapana mwalimu aliyekaa pwani asiyekijua kivumbasi kwa pua, hata ikiwa hakijui kwa jina. Ni mmea wa kimo cha goti au kiuno, huota wenyewe kando ya njia, katika mahame, na nyuma ya majiko. Ukilifikicha jani lake vidoleni, hutoa harufu kali ambayo hukaa mkononi hata jioni. Ni ndugu wa mrihani. Lakini mrihani hupandwa na kunyweshewa maji, na majani yake hutiwa katika vikuba vya wanawake siku za arusi. Kivumbasi hakipewi heshima hiyo. Kazi yake ya tangu zamani ni kufukuza mbu.

Watu hukitumia kwa njia tatu. Ya kwanza, hukata matawi mabichi wakayatundika mlangoni au karibu na kitanda. Ya pili, hufikicha majani na kujipaka miguuni na mikononi. Ya tatu, nayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote, jua likichwa huweka majani juu ya makaa, si ili yawake, bali yatoe moshi na harufu; nyumba hufukizwa kabla watoto hawajalala.

Lakini jani hili lina kazi nyingine pia. Waganga hulitia katika vuo, maji ya majani ya kumwogeshea mgonjwa, na wako wanaosema kwamba harufu yake hufukuza pepo. Kwa ajili hiyo sisi waliosoma tulilitia jani zima katika fungu la mambo ya ushirikina, wala hatukuuliza zaidi. Nami nalikuwa mmoja wao.

Nilipopewa kutunza bweni la wavulana, siku ya kwanza naliona vishada vya kivumbasi vimetundikwa juu ya vitanda. Nikauliza ni vya nini. Wavulana wakatazamana, wasijibu. Nikadhani ni hirizi. Nikaamuru vyote vitolewe, na miche iliyoota ukutani ing'olewe, vikachomwe pamoja. Vikachomwa uani, adhuhuri, saa ambayo hapakuwa na mbu wa kufukuzwa. Mpishi wetu, mtu mzima, alisimama akitazama moshi ule ukipotea bure, akasema, "Mwalimu, watoto hawa hawana vyandarua." Sikumjibu. Masika yale wavulana wengi walilala kwa homa. Siwezi kusema kwamba ni kwa sababu ya kivumbasi, maana masika huja na homa kila mwaka. Lakini neno la mpishi halijaniondoka hata leo.

Baadaye nalijifunza kwamba kosa langu lilikuwa kosa la zamani, na wakubwa kuliko mimi walilitenda. Mwaka 1854 Mwingereza Richard Burton alisafiri katika nchi ya Wasomali, na kitabu cha safari yake kikachapwa mwaka 1856. Humo aliandika kwamba wenyeji husema kuumwa na mbu huleta homa za kuua. Kisha akalitangua neno lao, akaliita ushirikina, uliotokea labda kwa sababu mbu na homa huzidi wakati mmoja. Tazama ajabu yake: aliona kwamba mambo hayo mawili huenda pamoja, akajua kwamba wenyeji nao wameliona, na bado hakuwasadiki.

Miaka arobaini na zaidi ikapita. Katika mwaka 1897 na 1898 daktari Mjerumani Robert Koch alikaa Dar es Salaam akiichunguza malaria. Akapata habari za watu wa milima ya Usambara, ambako mbu ni wachache: kwamba wakishuka tambarare hurudi na homa, na homa hiyo huiita mbu, kwa jina la mdudu mwenyewe, wakisema kwamba ndiye aletaye ugonjwa. Koch hakulidharau neno hilo, bali alilitia katika habari alizoandika. Na tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad katika Bara Hindi, daktari Ronald Ross alikuwa ameona vijidudu vya malaria ndani ya tumbo la mbu.

Kwa sisi tunaopenda mambo ya lugha, hapa pana fundisho. Neno malaria limetoka katika Kitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Basi jina walilolishika wataalamu huishitaki hewa, isiyo na hatia. Jina la watu wa Usambara lilimshitaki mbu, naye ndiye mwenye hatia. Maarifa yale yalikuwa ndani ya jina moja fupi, yakimngoja mtu wa kuyauliza.

Na jani lenyewe je? Nalo limepimwa. Mwaka 1973 jarida la madaktari la Afrika Mashariki lilichapa uchunguzi wa G. B. White juu ya mimea ya jamii ya kivumbasi ambayo wenyeji huitumia kufukuzia mbu. Mwaka 2002 zikatolewa habari za majaribio yaliyofanywa magharibi ya Kenya, kwa mbu wa namna ile ieneayo malaria. Majani ya kivumbasi yaliyopashwa moto bila kuwaka yalifukuza karibu nusu ya mbu. Na mche mbichi wa jamii hiyo, uliopandwa chunguni, ulifukuza theluthi yao au zaidi kidogo. Sababu yake ni mafuta yaliyomo majanini. Katika baadhi ya vivumbasi mafuta hayo yana yujenoli, kitu kile kile kilicho kingi katika karafuu za Unguja. Mbu humtafuta mtu kwa pumzi yake na harufu ya mwili wake. Harufu ya mafuta hayo humchukiza na kumpoteza njia.

Lakini tusitoke katika dharau tukaingia katika kusifu kupita kiasi. Jani lifukuzalo nusu ya mbu limeiacha nusu nyingine ndani ya nyumba, na mbu mmoja mwenye vijidudu atosha kumwua mtoto. Tena kivumbasi hakiponyi malaria. Aliye na homa apelekwe kwa daktari siku ile ile. Chandarua kilichotiwa dawa hukishinda kivumbasi mbali sana. Wazee walikuwa na silaha ndogo, nao waliitumia vema. Kosa ni kumnyang'anya mtu silaha ndogo kabla ya kumpa iliyo kubwa.

Basi, walimu wenzangu, mkisikia habari za jani lo lote, andikeni mambo matatu mbalimbali: jina lake kama wenyeji walitamkavyo, kazi lifanyayo, na maneno yasemwayo juu yake. Msiyachanganye. Maneno yaweza kuwa ya pepo, na kazi ikawa ya kweli kabisa. Kama ningalitenganisha mambo hayo siku ile bwenini, ningaliwauliza wavulana swali la pili, na mpishi ningalimjibu.

Vyandarua vilikuja baadaye. Kivumbasi nacho kimeota tena chini ya ukuta ule ule, wala sikumwambia mtu kuking'oa.