Vibasi vya kuchezea: vya Ulaya vimetunzwa, vya Butembo na Beni vinapotea

Huko Ulaya kuna watu wazima wanaotafuta vibasi vidogo vya chuma walivyochezea utotoni. Kibasi kikuukuu kinachoenea kiganjani huuzwa bei ya juu, hasa kikiwa bado na kisanduku chake. Huku Butembo na Beni watoto nao wametengeneza mabasi yao tangu zamani, lakini hakuna anayeyaweka.

Vile vya Ulaya vina tarehe. Jina la Dinky Toys lilianza mwaka 1934, katika kiwanda cha Meccano mjini Liverpool, Uingereza. Matchbox ilifuata mwaka 1953, na mwaka 1954 ikatoa basi jekundu la London la ghorofa mbili. Zinki iliyochanganywa na alumini na shaba kidogo iliyeyushwa, ikasukumwa ndani ya kalibu. Madini hayo yakichafuka kwa risasi, kibasi hupasuka chenyewe baada ya miaka. Ndiyo maana vingi vya kabla ya vita vya mwaka 1939 vimekwisha kuvunjika, na vilivyobaki vinatafutwa sana.

Huku kwetu kiwanda ni mikono ya mtoto. Waya unakuwa fremu, kopo la sardini linakuwa bodi, na raba ya viatu vikuukuu inakatwa magurudumu. Mtoto anayekaa kando ya barabara ya Butembo kwenda Beni, kilomita zipatazo 54, anaiga anachokiona: Hiace yenye mizigo juu, au Fuso inayotoka Kasindi. Kwa hiyo kila kigari kinaonyesha ni magari gani yaliyopita njia ile, na mwaka gani.

Chukudu imebahatika zaidi. Ni ya mbao, inafanana na mchezo wa watoto, lakini inabeba magunia ya viazi na makaa na kulisha jamaa nzima. Goma imeisimamishia sanamu katikati ya mji. Kigari cha waya hakina hata rafu moja.

Na kinapotea haraka. Tangu mauaji yalipoanza eneo la Beni mnamo Oktoba 2014, jamaa nyingi zimekimbia vijiji vyao. Anayekimbia usiku anabeba mtoto, godoro na sufuria. Kigari kinabaki uani, mvua inakinyeshea, kutu inakimaliza. Mtoto akifika mjini anatengeneza kingine, lakini kile cha kijijini hakirudi.

Kukihifadhi hakuhitaji pesa. Shule au parokia inaweza kutenga kabati moja pakavu, mbali na sakafu. Kila kigari kifungwe karatasi: kimetengenezwa mtaa gani, mwaka gani, kinaiga gari lipi. Mzee aliyetengeneza cha kwake enzi za Zaire akiulizwa leo, bado anaweza kukunja waya na kuonyesha kilivyokuwa. Baada ya miaka kumi huenda asiwepo wa kuulizwa.