Vifurushi vya Mazimbu

Leo ukimwambia mtu wa Morogoro unatafuta kifurushi, atakuuliza cha wiki au cha mwezi. Mwaka 2008, kwetu tuliokuwa tukihangaika na tasnifu chini ya Milima ya Uluguru, kifurushi kilikuwa programu iliyofungwa tayari, ikisubiri kusimikwa kwenye Linux.

Diski yangu ya Ubuntu 8.04 ililetwa na posta. Kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ilizigawa bure hadi 2011. Niliisimika nikiwa Mazimbu, kampasi ya SUA ambayo Waafrika Kusini wa ANC waliijenga wakiwa uhamishoni, wakaikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Diski ilikuwa na mengi, lakini R, programu ya takwimu niliyoihitaji kwa data zangu za mahindi, haikuwamo.

Ubuntu imejengwa juu ya Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Chombo chake cha kusimika programu, dpkg, kinajua kufungua kifurushi ulichokipa, basi. Kifurushi kikitegemea kingine ambacho hakipo, dpkg inalalamika na kukuachia kazi. APT, iliyoingia katika toleo la Debian la Machi 1999, iliondoa kero hiyo: unataja jina moja, yenyewe inasaka vinavyotegemewa, inapakua na kupanga. Ila raha yake kamili ilitaka mtandao usiokatika. Pwani yetu ilikuwa bado haina mkongo wa baharini; intaneti ilipita kwenye setilaiti, na mvua ikifunga Uluguru, hata barua pepe ilikuwa bahati.

Kwa hiyo mwaka 2008 mimi nilikuwa naishi 1998.

Nikashuka mjini na flashi, nikakaa intaneti kafe saa nzima nikipakua R. Kurudi chumbani, dpkg ikadai libgfortran. Kesho yake nikaileta. Ikadai maktaba za hesabu. Nikazileta, ikadai Tcl na Tk, ambazo sikuwahi kuzisikia. Nauli ya daladala ilikuwa inakula hela ya chakula, na msimamizi wangu alitaka majedwali Ijumaa.

Jumatano jioni akaja dada mmoja aliyetoka mafunzo kwa vitendo Dar es Salaam, ambako alikuwa na mtandao mzuri. Akaniambia, “Mdogo wangu, mbona unateseka? APT haitupi ilichopakua.” Akafungua /var/cache/apt/archives. Humo mlikuwa na R na ukoo wake mzima, pamoja na mamia ya faili nyingine. Toleo letu lilikuwa moja, 8.04, vinginevyo tungeambulia patupu. Tukanakili, nikaandika amri moja, sudo dpkg -i *.deb, na mistari ikashuka kwenye kioo bila lalamiko hata moja.

APT hukagua sahihi ya hazina ya vifurushi kabla ya kuvisimika. Amri yangu haikukagua chochote. Nilimwamini dada, naye aliiamini seva ya Dar.

Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na polepole folda zile zikapoteza thamani. Lakini usiku ule, kabla sijaanza majedwali, kulikuwa na watu wanne mlangoni kwangu, kila mmoja na flashi yake.