Chamwino kabla ya Ikulu

Wanaotafuta viwanja Chamwino siku hizi huambiwa kwamba hapa palikuwa pori tupu mpaka serikali ilipofika. Sikubaliani. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita Ugogo, nchi ya Wagogo ilimo Chamwino, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo, yaani ushuru, kwa kupita na kuteka maji; mvumbuzi Stanley, aliyepita mwaka 1871, aliilalamikia sana hongo hiyo. Pori lisilo na mwenyewe halitozi ushuru. Ni kweli mvua ni haba, na njaa ya Mtunya, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, iliua watu wengi mno. Lakini Wagogo walikuwa wakiukabili ukame kwa mtama, uwele na ng'ombe waliokopeshana na ndugu na marafiki wa mbali, ili jua la mahali pamoja lisimalize zizi zima. Huo nao ni uwekezaji.

Operesheni Dodoma ya 1971 iliwakusanya watu hao vijijini. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifuata 1973, na Ikulu mpya ilizinduliwa hapa Chamwino Mei 20, 2023. Bei ya ardhi imepanda kwa sababu hiyo, lakini malisho yanayoonekana matupu wakati wa kiangazi yana wenyewe, na mnunuzi anapaswa kuwauliza kwanza.