Ushirikiano wa wahudumu wa afya hupimwaje? Somo lililoanzia angani

Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walichapisha mtindo mpya wa mtihani wa vitendo kwa wanafunzi wa udaktari. Mtahiniwa anapita kituo kimoja baada ya kingine, kengele ikilia anahama, na katika kila kituo msahihishaji anamtazama akiwa na orodha ileile ya mambo ya kutoa alama. Mtihani huo, maarufu kwa jina la OSCE, ulienea duniani na leo ni wa kawaida katika vyuo vya tiba vya Afrika Mashariki. Uliziba mwanya wa zamani, pale alama zilipotegemea mtahini uliyeangukia mikononi mwake na mgonjwa aliyekuwapo siku hiyo. Lakini kwa desturi mtahiniwa huingia kituoni peke yake, ilhali mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua huokolewa na mkunga, daktari, mtu wa maabara na anayekimbilia damu, wote kwa pamoja. Wapo wanaosema ushirikiano ni suala la moyo wa mtu, haupimiki. Historia inawajibu kwamba unapimika, ila kwa masharti mawili: kitazamwe kitendo kinachoonekana na kusikika badala ya maoni ya mtu kuhusu nafsi yake, na kipimo kitumike kufundisha kabla hakijatumika kuhukumu.

Somo hilo lilianzia angani. Desemba 28, 1978, ndege ya United Airlines ilizunguka karibu na Portland, Marekani, kwa takriban saa nzima huku rubani mkuu akishughulikia hitilafu ya magurudumu. Wenzake waliona mafuta yanapungua na wakagusia jambo hilo, lakini hakuna aliyelisema kwa uzito wa kumzindua. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka, watu 10 wakafa kati ya 189. Marubani wale walijua kurusha ndege, na mtihani wowote wa mtu mmoja mmoja wangeufaulu. Mwaka 1979 NASA iliitisha mkutano kuhusu jinsi timu ya rubani inavyotumia watu na taarifa ilizonazo, na mashirika ya ndege yakaanza kuifundisha kazi hiyo. Mwanasaikolojia Robert Helmreich wa Chuo Kikuu cha Texas aliongeza kilichokosekana, yaani orodha ya vitendo ambavyo mkaguzi anaweza kuvitazama akiwa ndani ya ndege: je, mpango umeelezwa kwa wote? Je, mdogo amehoji uamuzi wa mkubwa, na mkubwa amemsikiliza?

Madaktari wa usingizi ndio waliokuwa wa kwanza kuuazima mtindo huo, kwa kuwa kazi yao ni saa nyingi za utulivu zinazoweza kugeuka hatari ndani ya dakika chache. Mwishoni mwa miaka ya 1980 David Gaba na wenzake wa Stanford, California, walitengeneza chumba cha mazoezi chenye mdoli uliounganishwa na mashine za kweli, na miaka ya 1990 ilipoanza wakawa wanafundisha timu kukabili dharura. Mwaka 1998 walichapisha utafiti uliotoa alama mbili kando kando: moja kwa hatua za tiba, nyingine kwa mwenendo wa timu. Mwaka uliofuata Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kuwa makosa ya kitabibu yaliua kati ya watu 44,000 na 98,000 kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo, na ikahimiza mafunzo ya timu. Tangu hapo hoja haikuwa tena kama ushirikiano ni muhimu. Ilikuwa ni kipimo kipi kitumike.

Hapo njia zikagawanyika. Mwaka 1999 watafiti wa Liverpool walitoa dodoso la kauli 19 ambalo mwanafunzi anaeleza anakubali kiasi gani kwamba kujifunza pamoja na fani nyingine kuna faida. Likasambaa haraka, kwani linajazwa kwa dakika chache na gharama yake ni karatasi. Lakini linapima utayari, na utayari wa mtu darasani hauonyeshi atakalofanya shinikizo la damu la mgonjwa likiporomoka. Njia ya pili ilitoka Scotland, ambako wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Aberdeen pamoja na madaktari wa usingizi walitoa mwaka 2003 mfumo uitwao ANTS. Una makundi manne na vipengele 15. Katika kundi la ushirikiano mkaguzi hutazama kama mtu anaratibu kazi na wenzake, anapeana nao taarifa, anatumia mamlaka na kusema kwa uthabiti, anapima uwezo wa wenzake na kuwaunga mkono, kisha anatoa alama 1 hadi 4.

Kipengele cha kusema kwa uthabiti kina uzito zaidi kuliko kinavyoonekana kwenye karatasi. Mwaka 2005, nchini Uingereza, mwanamke aliyekwenda kufanyiwa upasuaji mdogo alipewa dawa ya usingizi, njia yake ya hewa ikashindikana. Madaktari bingwa watatu waliendelea kujaribu kupitisha mpira kooni huku oksijeni ikiwa chini mno. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo, mwingine akaulizia kitanda cha wagonjwa mahututi, lakini walichokiona wao hakikugeuka kuwa uamuzi wa timu. Mgonjwa alifariki baada ya siku 13. Uchunguzi ulionyesha kuwa wauguzi walijua kinachotakiwa, ila hawakujua namna ya kulisema likasikika. Hakuna dodoso ambalo lingefichua pengo hilo, kwa sababu ukimuuliza mtu kama anathamini sauti ya mwenzake, karibu kila mtu atajibu ndiyo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba wakaguzi hawatakubaliana. Ni kweli kwa kiasi: Aberdeen ilipowapa madaktari bingwa 50 video nane wazitolee alama baada ya mafunzo ya nusu siku, ulinganifu wao haukuwa kamili. Hilo linadai wakaguzi wafundishwe zaidi na mwanafunzi atazamwe mara nyingi. Wala halizuii kutumia kipimo kumweleza mwanafunzi alichofanya na alichoacha, ingawa linatosha kuzuia alama moja ya siku moja isimfelishe mtu. Pingamizi la pili ni kwamba mzembe atafichwa na timu hodari. Ndiyo maana vipo vipimo vya aina mbili, ANTS ikimtazama mtu ndani ya timu, na TEAM ya mwaka 2010 ikiipa timu nzima alama kwa vipengele 11, na chuo makini kitahitaji vyote viwili.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba mazoezi si wodi, na ushahidi wake umetoka Tanzania. Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua yaliinua alama za wahudumu mbele ya mdoli, lakini huduma katika chumba cha kujifungulia haikubadilika. Hata hivyo hospitali ileile ilipoanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo kazini, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua. Kwa hiyo kilichoshindwa ni mafunzo na kipimo cha mara moja, mbali na kazi yenyewe.

Wapo pia watakaosema haya ni anasa kwa hospitali zenye upungufu wa watumishi na kwa jamii inayomtaka mdogo anyamaze mbele ya mkubwa. Mji wa Ifakara, Tanzania, unawajibu. Hospitali yake ya St. Francis ilikuwa moja ya hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, inayotaka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Matokeo ya jumla yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa upande mwingine, utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 za Ontario, Kanada, ambako orodha hiyo iliagizwa kutoka juu, haukuona punguzo la maana. Tofauti hiyo ina maelezo mengi, lakini inaonya kwamba kuweka alama ya vema kwenye karatasi si sawa na kuzungumza.

Basi vyuo vyetu visingoje mashine za bei kubwa. Viongeze kwenye OSCE kituo kimoja ambamo mwanafunzi wa udaktari, wa uuguzi na wa ukunga wanaingia pamoja, wakaguzi waliofunzwa wakiandika waliyoyasikia yakisemwa. Kisha viwafuate wanafunzi hao hadi wodini na kuwatazama tena na tena. Mwanafunzi hujisomea kile anachojua atatahiniwa, na mradi tunamtahini peke yake, tunampeleka kwa mgonjwa akiwa amefunzwa kufanya kazi peke yake.