Udhaifu au Uathirikaji?

Historia ya istilahi za maafa nchini Tanzania yasomeka katika majina ya sheria, kama zitajwavyo kwa Kiswahili. Sheria Na. 9 ya 1990 ilihusu Uratibu wa Misaada ya Maafa. Jina hilo lamtazama mtu aliyekwisha kudhurika. Ile Na. 7 ya 2015 ilitaja Menejimenti ya Maafa, na ile Na. 6 ya 2022 Usimamizi wa Maafa: yaani kazi huanza kabla ya maafa kutokea. Taaluma hiyo hufundishwa katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam.

Hapo mwanafunzi hukutana na dhana ngumu, ambayo baadhi huiita “udhaifu” na wengine “uathirikaji”. Tutazame Kitangari, wilayani Newala. Bondeni maji yapo. Juu, kwenye uwanda wa Makonde, mchanga huyanywa maji ya mvua, na tangu miaka ya 1950 watu wa huko wametegemea maji yanayopandishwa kwa pampu. Ukame ni mmoja kwa wote, lakini pampu ikisimama, mkazi wa juu ndiye ateremkaye na ndoo. Je, huyo ni dhaifu? La, hasha, makazi yake yako mbali na maji.

“Udhaifu” humlaumu mtu. “Uathirikaji” hutaja hali, nayo hali yaweza kurekebishwa. Mfasiri na achague la pili.